Naomba ushauri: nataka kuwa fundi gesi mwenye usajili hapa Uingereza

Habari zenu wakuu. Mimi ni fundi bomba, kazi nimejifunzia Tanga, sasa nipo Leicester mwaka wa nne. Kazi za maji nazifanya bila shida, ila nikifika kwenye boila inabidi nirudi nyuma. Hapa kushika gesi ya mtu kwa malipo bila kusajiliwa na Gas Safe Register, daftari rasmi la mafundi gesi, ni kosa la jinai. Na sheria hiyo naiunga mkono kwa moyo wote: kaboni monoksaidi, hewa ya sumu inayotoka gesi isipoungua vizuri, haina rangi wala harufu, familia nzima inaweza kulala isiamke.

Kinachonikwamisha ni mazoezi ya kazini. Nadharia naisoma usiku, lakini mgeni kwenye gesi, kabla ya mitihani ya ACS, ile ya kupima umahiri wa fundi gesi (kwangu naanza na CCN1, wa msingi wa gesi ya majumbani), anatakiwa akusanye ushahidi wa kazi halisi chini ya fundi aliyesajiliwa. Chuo kimoja kilipokea ada yangu kikaahidi kunitafutia huyo fundi. Miezi saba sasa, kimya. Juzi jirani yangu mwenye usajili alinionyesha kadi yake. Nyuma zimeandikwa kazi anazoruhusiwa kufanya, moja moja. Niliishika muda mrefu.

Mliopita njia hii, fundi wa kuwabeba mlimpataje? Nijitolee bure Jumamosi, au nitafute uanagenzi wa mshahara japo nina miaka 36? Na cheti changu cha VETA, cha ufundi stadi wa Tanzania, kinanisaidia chochote huku?