Kujadili fasihi na darasa la Uingereza: tuanzie wapi?

mwl_wa_Mbagala:
Wakuu, heshima kwenu. Nina kidato cha tatu, wanafunzi 58, hapa Dar. Kuna mwalimu Uingereza ambaye darasa lake la wanafunzi 27 linasoma The Merchant of Venice ya Shakespeare, na tumekubaliana watoto wabadilishane mawazo. Nina kompyuta mpakato moja, projekta ya kuazima na bando la simu yangu. Mwenzangu anataka tuanze kwa simu ya video wiki ijayo. Upande wetu tusome nini, na tupangeje?

KalamuNaWino:
Mwalimu, hiyo video isogeze mbele. Watoto wasiojuana ukiwakutanisha kwenye skrini wataulizana majina na timu za mpira, kengele imelia. Waandikiane kwanza wiki tatu au nne, waonane wakiwa tayari na la kubishania.

Ninyi someni Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969. Tamthiliya ni ileile, ila kila darasa litakuwa limeshika kitu ambacho lingine halina. Msijaribu kuimaliza. Chukueni onyesho la tatu la tendo la kwanza, pale dukati 3,000, sarafu za dhahabu za enzi hizo, zinapokopwa kwa miezi mitatu kwa dhamana ya ratili moja ya nyama, kisha ile kesi ya tendo la nne.

Kazi yenyewe ni kuirudisha tafsiri. Wagawe vikundi kumi, vinane vya watu sita na viwili vya watano. Chagua vipande vitano vya mistari minane minane, kila kipande ukipe vikundi viwili vinavyokaa mbalimbali. Waigeuze mistari hiyo iwe Kiingereza, neno kwa neno, bila kuona ya Shakespeare. Unayatuma yote kumi. Darasa la kule linaweka kila kipande kando ya asili yake na kuuliza: neno hili limeingiaje, lile limekwenda wapi, na mbona vikundi viwili havikuelewa sawa? Hapo ndipo mjadala unapoanza wenyewe.

Inaharibika kwa njia mbili. Ya kwanza, mtoto anapata kitabu cha Kiingereza na kunakili. Toa fotokopi ya Kiswahili tu, kazi ifanyike darasani kwa vipindi viwili mfululizo, karatasi zikusanywe hapohapo. Ya pili ni sisi walimu: tunaona aibu, tunanyoosha Kiingereza cha watoto kabla ya kutuma. Usiguse. Sentensi iliyopinda ndiyo inayoonyesha Kiswahili kilisema nini.

bintiPwani:
Nakubaliana na KalamuNaWino, ila swali la kwanza kabisa liwe jina la kitabu. Kiingereza kinataja mfanyabiashara mmoja, naye ni Antonio. Kiswahili kinasema *mabepari*, wengi. Basi ni akina nani? Shylock, yule Myahudi anayekopesha, yumo? Bassanio anayekopa ili akapose naye yumo?

Na neno lenyewe lina historia. Bepari limetoka Kihindi, na zamani lilikuwa mfanyabiashara tu, bila lawama. Tafsiri ilitoka miaka miwili baada ya Azimio la Arusha la 1967, wakati ubepari ulikwisha kuwa jina la adui. Wanafunzi wa Uingereza hawawezi kuligundua hilo kwenye nakala yao, lazima waelezwe na wenu. Nao wawajibu kwa lile ambalo wenu hawalioni kirahisi: Myahudi katika Ulaya ya enzi hizo alikuwa na hali gani, na kwa nini kukopesha kwa riba kuliangukia watu wake. Swali ambalo darasa moja linaweza kulijibu peke yake usilitume, litakufa.

fundi_sauti_Kariakoo:
Mimi niseme ya mitambo. Saa kwanza. Majira ya baridi Uingereza iko nyuma yetu saa tatu, kwa hiyo saa saba mchana Dar ni saa nne asubuhi kwao. Jumapili ya mwisho ya Machi wanasogeza saa mbele, tofauti inabaki mbili hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Ukimwandikia mwenzako, andika 13:00 na useme ni saa za Dar. Ukiandika "saa 7" atakusubiri alfajiri.

Kwa dakika 40 za video tenga GB 2, na kamera iwashwe ya darasa tu. Zima feni zilizo karibu na kompyuta, kwa sababu maikrofoni inapokea ngurumo yake na sauti ya mtoto inazama. Paa likiwa la bati na ni masika, uwe na siku ya akiba. Spika ikielekea maikrofoni utapata mwangwi, basi igeuzie wanafunzi na uzime maikrofoni wakati wenzenu wanasema. Kila kikundi kitume msemaji mmoja asogee mezani, dakika mbili, si kupiga kelele kutoka dawati la nyuma.

Halafu majina ya kwanza tu, namba za simu zisibadilishwe, na idhini ya wazazi iwe ya maandishi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, usiiruke.

mwl_wa_Mbagala:
Ahsanteni sana, nimemwandikia asogeze video. Ameuliza kama watoto wake wanaweza kujaribu ushairi wetu pia. Nimwambie nini?

bintiPwani:
Mpe tarbia, ubeti mmoja tu. Mistari minne, kila mstari mizani (yaani silabi) 16, nane kwa nane, kina cha kati na cha mwisho. Waandike kwa Kiingereza chao, wenu wawe waamuzi wa mizani. Wamezoea mstari wa Shakespeare wa mizani kumi, mara nyingi bila vina, kwa hiyo watakwama kwenye kina cha kati, ndiko utamu uliko. Wakitaka kuhesabu mizani ya Kiswahili, waambie mapema kwamba *mtu* ni mizani mbili na *nchi* ni mbili. Wasipoambiwa watahesabu moja moja, na kila ubeti watakaousoma utaonekana umepungua.