Acheni kubadilisha tairodi endi kila usukani wa trekta dogo unapolegea!

Wakuu, huu uzi una hasira, asiyetaka apite.

Trekta dogo linaletwa gereji, mwenyewe anasema usukani unacheza na mbele kunatangatanga. Fundi halinyanyui, hashiki gurudumu, haulizi kitu. Anachungulia tairodi (fimbo inayosukuma magurudumu ya mbele yakate kona), anafungua endi mbili (viungo vya goroli kwenye ncha zake), anafunga mpya, anadai hela yake. Mchezo ukirudi anasema spea ni feki. Spea feki zipo, nitazifikia. Ila mara nyingi endi haikuwa mgonjwa mkuu. Mgonjwa ni kingpini (pini ya wima ambayo gurudumu linageukia) na bushi zake (vibomba vinavyoishika), na zikilegea zinapiga endi mpya kila gurudumu linapoingia shimoni mpaka nayo inakufa. Mteja ananunua kitu kilekile mara tatu, bushi mbili hakuna aliyezigusa.

Kwanza pima. Nyoosha magurudumu, shika ukingo wa usukani, usogeze kushoto na kulia mpaka uone magurudumu yanaanza kuitika. Vitabu vya matrekta mengi madogo vinaruhusu milimita 20 hadi 50 hapo kwenye ukingo. Kuna watu wanaletewa trekta lenye milimita 30 na wanalifumua! Na kabla ya spana yoyote, angalia upepo. Tairi la kushoto likiwa laini kuliko la kulia, trekta litavuta upande hata ukilifunga spea mpya tupu.

Mchezo ukizidi, tafuta unakokaa. Kwa usukani wa boksi la gia, injini imezimwa na magurudumu yako chini, mtu mmoja atikise usukani nusu nusu, mwingine aweke kidole kwenye kila kiungo: nusu ya kidole kwenye shina la endi, nusu kwenye mkono inapofungwa. Kiungo kibovu utakisikia kinagonga kidoleni kabla jicho halijaona kitu. Anza na jointi ya nguzo ya usukani, shuka kwenye mkono unaotoka kwenye boksi, malizia tairodi. Huo mkono umeshikwa kwa meno na nati moja kubwa. Nati ikilegea meno yanalika, na hapo kukaza hakusaidii tena. Wakati wa kuuvua weka alama kwenye shafti na kwenye mkono, la sivyo utaurudisha jino moja pembeni na trekta litakata kona upande mmoja kuliko mwingine.

Sasa nyanyua, na hapa ndipo uvivu unapoonekana. Kabari magurudumu ya nyuma, vuta breki, jeki iwe chini ya fremu na siyo chini ya ekseli, kisha weka stendi. Kuinua mbele kwa kijiko cha loda halafu mtu akaingia chini ni kutafuta msiba. Ekseli ikiwa inaning'inia, ingiza nondo na uisukume mbele na nyuma. Ikitembea, pini ya katikati (ambayo ekseli inabembea juu yake) imekwisha au kuna nafasi ya kukazwa. Baadhi ya mashine zina bolti ya kurekebishia na loknati yake. Mchezo wa pini hii unasingiziwa tairodi kila siku, hasa kwenye trekta lenye loda.

Ukimaliza pini, piga kabari za mbao kati ya ekseli na fremu isicheze. Shika tairi juu na chini, litikise. Halafu kushoto na kulia. Likicheza kushoto na kulia tu, ni tairodi. Likicheza juu na chini, ni kingpini au beringi za habu (kitovu cha gurudumu), na hizi mbili hazichanganywi na mtu mwenye macho: habu ikitembea huku shina lake limetulia, ni beringi, shina lote likitembea dhidi ya ekseli, ni kingpini. Kazi ya dakika tano, na hakuna anayeifanya.

Kwenye trekta la foo-wili, kingpini imo ndani ya kasha la gia za mbele, kwa hiyo dalili ya kwanza huwa oili inayotiririka chini ya kasha. Fundi anabadilisha sili, wiki inayofuata oili imerudi, anabadilisha tena sili. Ndugu yangu, sili haiwezi kukaa kwenye kitu kinachoyumba! Fungua, badilisha beringi, panga shimu (vipande vyembamba vya kujaza nafasi), ndipo ufunge sili.

Bushi za kingpini kwenye ekseli ya kawaida: usizipige nyundo. Bushi ikiingia imepinda inakwangua tundu, na mdomo wake unakunjika. Ivute ndani kwa bolti ndefu, washa nene na nati, taratibu, huku tundu lake la grisi likitazamana na la ekseli. Hili la tundu naomba lisomwe mara mbili. Nimeandika haya yote sababu kuna bushi mpya zinafungwa tundu likiwa limezibwa, mtu anapiga grisi inakataa, anasema nipeli imeziba, anaacha hivyohivyo. Bushi ikikauka, kingpini mpya inaliwa nayo. Nyingi zikishaingia zinabana kidogo, kwa hiyo zinahitaji kusuguliwa kwa rima (kifaa cha kupanulia tundu) hadi pini izunguke kwa mkono bila kutikisika. Siyo msasa uliozungushiwa kijiti. Na grisi ipigwe ekseli ikiwa imenyanyuliwa, maana uzito ukiwa juu ya washa ya chini grisi haipenyi pale panaposuguana.

Ikithibitika kweli ni endi, basi. Pima urefu wa tairodi kutoka katikati ya goroli hadi katikati ya goroli, uandike, na uhesabu mizunguko wakati wa kuifungua. Angalia nyuzi, endi ya upande mmoja inaweza kuwa inafunguka kinyume. Toa splitipini, legeza nati lakini iache imeshika nyuzi chache. Weka nyundo nzito upande mmoja wa jicho la mkono (tundu linaloshika shina la endi), upande wa pili piga jicho lenyewe kwa nyundo nyingine. Tepa (sehemu ya shina iliyochongoka) inaachia. Anayepiga ncha ya shina kutokea chini anaharibu nyuzi na hatoi kitu.

Endi mpya: shina liwe gumu kidogo kulizungusha, lakini laini bila kukwaruza. Likianguka lenyewe ukilishika, rudisha dukani. Kisha chora mistari ya wino wa kalamu nzito kwenye tepa, liingize kwenye jicho kavu, lizungushe, litoe. Wino ukifutika kuzunguka kote, imekaa. Ukifutika juu tu au chini tu, ama tepa siyo yake ama jicho limepanuka, na nati haitashika hata uikaze vipi. Dawa ya jicho lililopanuka ni mkono mwingine. Vipande vya kopo mnavyovizungushia hapo vinakatika, shina linaanza kucheza, mwisho linavunjika.

Nati ikazwe kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu. Tundu la splitipini lisipolingana, kaza mbele hadi lilingane, usirudishe nyuma.

Na wale wa kuchomelea! Goroli imelegea, mnaichomelea kifuniko, au mnaigonga ibane. Moto unaunguza grisi na kiti cha ndani, unabadilisha ugumu wa chuma, na kinapovunjika ni ghafla, trekta liko kwenye mteremko na tela nyuma. Sehemu ya usukani haichomelewi. Nukta.

Ukishafunga, panga magurudumu. Weka alama katikati ya kashata za tairi zote mbili kwa mbele, kimo cha kitovu cha habu, upime. Sogeza trekta hadi alama zilezile zifike nyuma kwa kimo hichohicho, upime tena. Mbele pawe pembamba kuliko nyuma. Mashine nyingi ni kati ya milimita 2 na 8, ila kitabu chako ndicho mwamuzi. Endi mpya bila kipimo hiki ni tairi kuliwa upande.

NYONGEZA: Mdau ameuliza skrubu ya kwenye boksi la gia. Ipo kurekebisha, lakini baada ya viungo vyote kupona. Legeza loknati, magurudumu yakiwa yamenyooka, ingiza skrubu robo robo, kila mara zungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho. Gia huliwa zaidi pale katikati, kwa hiyo ukiondoa mchezo wote pale, pembeni patabana. Pakianza kubana, rudisha. Kama bado inacheza, boksi linafunguliwa.

NYONGEZA 2: Wa usukani wa haidroliki, msikimbilie obitroli (vali ya usukani inayogawa oili). Angalieni kwanza pini za silinda. Usukani ukifika mwisho ukazidi kuzunguka polepole sana, ni kawaida. Ukizunguka kirahisi, kuna uvujaji wa ndani. Kujua unavuja wapi: ukiukata usukani hadi mwisho, zima injini, fungua hosi ya upande usiosukumwa pale kwenye silinda, uizibe hosi. Elekeza mdomo wa silinda kwenye ndoo, mkono na uso viwe mbali. Washa, endelea kuukaza usukani upande uleule. Oili ikitoka mfululizo, sili za pistoni zimekwisha. Kusipotoka kitu na usukani bado unazunguka, hapo ndipo uitaje obitroli.