Mrejesho: Makumbusho ya Mumbai kwa siku moja

Asanteni sana wadau mliojibu swali langu la kutembelea makumbusho na nyumba za sanaa za Mumbai kwa siku moja. Mpango uliofaa ni kubaki Kala Ghoda tu, mtaa wa sanaa kusini mwa jiji, maana sehemu tatu ziko hatua chache na gari halihitajiki.

Makumbusho makubwa ya hapo, Chhatrapati Shivaji Maharaj Vastu Sangrahalaya, hufunguliwa saa nne na robo asubuhi. Fikeni muda huo. Hapo msikimbie, tengeni saa tatu nzima. Michoro midogo ya zamani ya Kihindi ina mistari myembamba mno, na macho yakishachoka hayaioni tena. Itazameni kwanza, ndipo mwende kwenye michongo ya mawe ya Waashuru, watu wa kale wa eneo la Iraq ya leo. Tiketi ya mgeni ni ghali kuliko ya raia.

Nyumba ya sanaa ya Jehangir, iliyofunguliwa 1952, iko jirani kabisa na haina kiingilio. Maonyesho hubadilika karibu kila wiki.

Kosa kubwa ni kwenda Jumatatu: National Gallery of Modern Art, nyumba ya sanaa ya kisasa iliyo ng'ambo ya kipilefti, hufungwa siku hiyo. Kumbi zake za nusu duara zimepandana hadi chini ya kuba, ni ngazi baada ya ngazi, kwa hiyo vaeni viatu vyepesi.