Kujaza povu ndani ya neli za nyuzi za kioo: je, nishati inayofyonzwa huongezeka?

Swali

Habari zenu wanajukwaa. Ninaandaa mradi wa mwaka wa mwisho wa uhandisi mitambo kuhusu neli za nyuzi za kioo na epoksi, za aina inayoweza kuwekwa nyuma ya bampa ili ifyonze nishati ya mgongano. Neli zangu zina kipenyo cha nje cha milimita 50, ukuta wa milimita 2 na urefu wa milimita 100. Msimamizi wangu anapendekeza nizijaze povu la poliurethani lenye kilo 200 kwa mita ya ujazo. Najua kwamba katika alumini povu husaidia, kwa kuwa hufanya mikunjo iwe mifupi na mingi zaidi. Je, nitarajie faida ileile katika kompoziti, yaani nyuzi zilizoshikwa na gundi ngumu ya epoksi?

Jibu la kwanza

Ndugu, alumini hufyonza nishati kwa kujikunja, lakini kompoziti yako ikivunjika vizuri, ukuta hupasuka katikati ya unene wake, tabaka za nje zikafunguka kama ganda la ndizi na za ndani zikajikunja kuelekea katikati ya neli. Nishati nyingi huishia kwenye kupasuka huko na kwenye msuguano. Ukijaza povu gumu, tabaka za ndani hukosa pa kwenda, husukuma ukuta kwa nje, na neli huweza kuchanika kwa urefu wake kabla ya wakati.

Halafu piga hesabu. Neli tupu ina takriban gramu 57, na povu litaongeza gramu 33. Tukikadiria kwamba neli tupu hufyonza kilojuli 50 kwa kilo, wastani wa nguvu ni kama kilonewtoni 29. Ili nishati kwa kila kilo isishuke baada ya kujaza, wastani lazima ufike kama kilonewtoni 45, ilhali povu peke yake, kwa eneo la ndani ya neli, hubeba takriban kilonewtoni 4. Ukitoa 29 na 4 kwenye 45, hizo 12 zilizobaki zitatoka wapi?

Jibu la pili

Naafiki hesabu hiyo, ila magari hayagongani kwa mhimili ulionyooka tu. Nguvu ikija kwa mshazari, au ukuta ukiwa mwembamba kiasi cha kupinda ghafla, povu jepesi huushikilia ukuta ili uendelee kuvunjika hatua kwa hatua, na hapo uzito wake unakuwa na maana.

Kabla ya yote, chonga ukingo wa juu wa kila neli kwa pembe ya digrii 45, la sivyo kilele cha nguvu kitapanda mno na neli inaweza kukatikia kiunoni. Kisha bana neli tupu, povu peke yake, na neli zilizojazwa povu jepesi na zito, zote kwa mwendo mmoja. Ukiondoa grafu za nguvu za neli tupu na za povu peke yake kutoka kwenye ile ya neli iliyojazwa, kinachobaki ni mchango wa mwingiliano wa povu na ukuta; kikiwa hasi, mwoneshe msimamizi wako namba hiyo kwanza.