MJADALA: Pikapu ya 109, mbele nibaki na springi za majani au nihamie koili?

Kibosho109: Wakuu, nina Land Rover 109 Sirizi III, pikapu ya 1976, ya marehemu babu. Ilibeba kahawa mpaka ikachoka, imelala bandani miaka. Chasisi nimeshakata palipooza na kuchomelea vyuma vipya, sasa nimefika mbele. Ama nirudishe springi za majani (vyuma bapa vilivyopangwa) kama ilivyotoka kiwandani, ama niweke parabolika (springi za majani machache, laini zaidi), ama niing'oe yote nipandishe ekseli ya wanteni, yaani Land Rover 110, yenye koili (springi za kuzunguka). Nataka lishuke Dar mara moja moja na lipande shambani. Naomba hoja za watu waliosoma, siyo za mafundi wa chini ya mwembe, wao kila kitu ni nyundo na moto.

Chuma_Chakavu: Majani. Nimemaliza.

koili_tupu: Umemaliza nini? Land Rover wenyewe waliachana na majani walipotoa 110 mwaka 1983. Range Rover ndiyo kabisa, ina koili tangu 1965. Wewe na gari la babu yako nani anajua zaidi?

Chuma_Chakavu: Gari la babu ni la mleta mada, siyo langu. Soma kwanza. Na Range Rover ilitoka 1970.

koili_tupu: 65, 70, koili ni koili.

FundiMwembeni: Nimeona hapo juu "nyundo na moto". Huyo wa chini ya mwembe ni mimi, Unga Limited, Arusha, mwaka wa 22 huu. Sasa nikuulize msomi. Bushi ya springi ya 109, ile ya mpira wenye ganda la chuma, imeshindiliwa ndani ya chasisi. Ganda lake la nje likishika kutu linakuwa kitu kimoja na chasisi. Unaitoaje? Unachoma mpira mpaka moshi mweusi uishe, bomba la kati linadondoka lenyewe. Unapitisha ubapa wa msumeno ndani ya tundu, unakata ganda taratibu, ukihesabu, maana ukizidisha umekata chasisi. Ndipo unagonga. Ni moto, na ni nyundo. Wewe unaitoa kwa nini, kwa maombi?

Kibosho109: Fundi samahani, sikumaanisha wote.

FundiMwembeni: Umeandika "kila kitu". Kiswahili nakijua.

Mhandisi_Njiro: Tusiende huko. Ila ukweli usemwe: nyundo haina tatizo, tatizo ni kukata chasisi kwa kukadiria. Ekseli ya wanteni ni pana. Nafasi ya magurudumu ya Sirizi ni 1308 mm kati kwa kati, ya 110 ni 1486. Ndiyo maana 110 ina zile nyusi nyeusi juu ya magurudumu, bodi halikuongezwa upana. Ukiipandisha mbele peke yake, tairi za nyuma hazifuati njia ya mbele. Kwenye tope utaona unachimba mifereji minne. Halafu usukani: kwenye Sirizi kuna relei, kiungo cha kupitisha mzunguko wa usukani, imesimama ndani ya mtambaa wa mbele wa chasisi, ina springi kali ndani, wanaoifungua bila kujua wanajua ilivyowapata. Koili haina nafasi ya huo mpango. Unahitaji boksi jingine la usukani, mikono miwili ya kushika ekseli, na fito ya Panhard kuizuia isitembee kushoto na kulia. Kila kishikio unakichomelea mwenyewe. Kikikaa vibaya milimita kumi tu, gari linatangatanga.

koili_tupu: Kwa hiyo umekubali koili ni bora, ila mafundi hawawezi.

FundiMwembeni: Ameanza tena.

Mhandisi_Njiro: Sijasema hivyo. Ila mimi yangu ilifanyiwa hivyo na fundi mmoja, simtaji. Mpaka leo breki nikishika linavuta kushoto.

FundiMwembeni: Ulimlipa shilingi ngapi?

Mhandisi_Njiro: Hiyo siyo hoja.

FundiMwembeni: Ndiyo hoja yote. Mnataka kazi ya kiwanda kwa hela ya pancha.

Mama_Gia: Shikamooni wakubwa. Naendesha 109 Karatu mwaka wa tisa, majani yale yale, na watu wanaosema inavunja mgongo wengi hawajawahi kuyasafisha. Majani yaliyoshika kutu yanakaa kama gogo moja, hayatelezi. Mimi niliyafungua, nikapiga brashi ya waya, nikapaka grisi ya grafaiti, nikashusha upepo wa tairi za mbele kutoka 45 hadi 28. Mashimo yakawa mashimo ya kawaida. Na kiti! Kile cha mto mwembamba ndicho kinauma, siyo springi.

Kibosho109: Marahaba dada, hii ndiyo niliitaka. Na parabolika?

Mama_Gia: Za jirani zina majani mawili, yanagusana katikati na nchani tu, hivyo hakuna msuguano. Laini kweli. Ila msuguano ndio ulikuwa unasaidia shokapu, ukiuondoa shokapu mbovu zinajulikana siku hiyo hiyo. Likipita tuta linaendelea kuitikia mpaka tuta la pili.

Babu_404: Vijana mnahangaika. Mngenunua Peugeot 404 pikapu. Mbele ina strati za MacPherson, shokapu iliyozungukwa na koili, unapita kwenye mawimbi ya vumbi chai haimwagiki. Shankland wetu wa Tanzania alichukua Safari Rally nayo mara tatu mfululizo.

Grogan_Spares: Mzee heshima, lakini Shankland ni mara mbili, 1966 na 1967. Ya 1968 ni Nowicki wa Kenya, na hata ile ya 1963 ni yeye.

Babu_404: Nilikuwepo barabarani 68, wewe ulikuwa wapi?

Grogan_Spares: Sikuwa nimezaliwa mzee. Lakini matokeo yalizaliwa.

koili_tupu: 404 mbele ina koili. Asante babu.

Chuma_Chakavu: Na imebaki ngapi barabarani Moshi? 109 nahesabu sita kabla ya chai ya saa nne.

Babu_404: Hizo sita zote zinavuja oili.

Chuma_Chakavu: Isipovuja ujue imeisha.

FundiMwembeni: Mleta mada, jibu swali moja. Kabla hujalilaza, gari lilikuwa linainama upande?

Kibosho109: Ndiyo, kulia, upande wa dereva. Kama vidole vitatu. Ndiyo maana nilifikiria koili, niliona springi zimekufa.

FundiMwembeni: Hazijafa, zimekaa upande siyo wao. Springi ya mbele ya dereva inatoka kiwandani na mkunjo mkubwa zaidi, inabeba dereva na tangi. Mtu alizifungua akarudisha kushoto kulia. Zilaze zote mbili sakafuni, pima kimo cha upinde.

Kibosho109: Nimetoka bandani sasa hivi. Ya kushoto imeinuka zaidi, inchi moja na kidogo. Nani kazifunga hivi?

FundiMwembeni: Msomi mmoja.

Babu_404: Nina milango miwili ya 404 na boneti, haina kutu. Anayetaka aje inbox.

Grogan_Spares: Mzee, boneti bei gani?