UKOO WA USA RIVER (ARUSHA) HADI MINNESOTA (wanachama 23)

Jumanne, 14 Oktoba

[17:42] Mama Noela: Hamjambo wote. Naomba msome mpaka mwisho, si kuweka dole gumba halafu kesho mnaniuliza kulikuwa na nini.

[17:43] Mama Noela: La kwanza. Alhamisi na Ijumaa shule hakuna, ni MEA, ule mkutano wa walimu. Jumamosi tunawapeleka watoto shamba la maepo. Watoto tisa. Nina gari moja. Nahitaji la pili.

[17:45] Mama Noela: La pili, na hili ndilo la haraka. Ebeneza kichuma cha kunyooshea meno kimebanduka TENA. Cha chini, nyuma kushoto, na waya unamchoma shavu. Daktari wa vyuma ametupa Alhamisi saa 1:40 asubuhi. Rehema yuko zamu, mumewe yuko na lori Nebraska. Nani anampeleka?

[18:31] Mama Noela: Naona mmesoma watu kumi na mmoja.

[18:40] Godi Columbus: Alitafuna nini huyo, msumari?

[18:41] Noela: Bisi. Kasema punje moja tu

[18:44] Wifi Rehema: Si bisi. Epo la kijiti, lile la kupakwa karameli. Walikuwa wanauza shuleni. Nimekuta kijiti kwenye begi.

[18:46] Godi Columbus: Sisi tumemenya miwa kwa meno, soda tumefungua kwa meno, na hakuna kilichobanduka 💪🏾

[18:47] Mama Noela: Hukuwa na cha kubanduka Godi.

[18:47] Noela: Anko si una jino la bandia hapo mbele

[18:49] Godi Columbus: Hilo ni mpira. Nilipigwa kiwiko.

[18:52] Mama Noela: Asante kwa kunikumbusha. Rehema, ile kinga ya mdomo ya kuchemsha kwenye maji halafu mtoto anaing'ata, usimpe Ebeneza. Inashika umbo la vyuma na meno yenyewe yanahama kila mwezi. Kuna ya wenye vyuma, muulize daktari Alhamisi hiyo hiyo. Kama atapata wa kumpeleka.

[18:58] Mama Noela: Na shambani hakuna kung'ata epo zima. Ile Honeycrisp waliyoitoa chuo kikuu cha hapa Minnesota mwaka 1991 ni tamu lakini ngumu kama jiwe. Nakuja na kisu, kila mtu anakatiwa vipande vyembamba. Mahindi tunayapukuchua. Maji ya maepo mtoto anakunywa yakaisha, si kutembea na kikombe asubuhi mpaka jioni anaonja onja. Akimaliza anasukutua kwa maji. Mswaki baada ya nusu saa, maana ile asidi ikiwa bado mbichi na wewe unasugua, unakwangua jino.

[19:02] Godi Columbus: Hii ni pikniki au ni kliniki

[19:03] Wifi Rehema: 😂😂😂

[19:05] Mama Noela: Chekeni. Noela alipovuliwa vyuma tulikuta alama nyeupe zimezunguka kila mahali kichuma kilipokuwa. Hazikutoka mpaka leo.

[19:05] Noela: MAMA

[19:11] Mama Noela: Halloween je, ile siku watoto wanapita nyumba kwa nyumba kuomba pipi. Nawaambia mapema. Usiku ule baada ya chakula kila mtoto anachagua chokoleti laini anazozitaka, anakula palepale, anapiga mswaki. Zilizobaki nanunua mimi, dola 5 mfuko mzima. Pipi moja moja kila saa kwa wiki tatu ndiyo inayoua meno, si rundo la siku moja.

[19:14] Godi Columbus: Nakutumia magunia mawili kwa posta. Andaa hela.

[19:15] Mama Noela: Bado sijajibiwa kuhusu Alhamisi.

[22:10] Kaka Nderi: Habari za huko. Huku ni asubuhi, jana tulipumzika ya Nyerere. Nimesoma yote. Vuli bado haijashuka sawasawa. Na huko mnaita vuli, mvua iko wapi?

[22:13] Godi Columbus: Shikamoo kaka. Vuli ya huku ni majani kupukutika na watu kununua maboga wasiyoyala.

[22:14] Kaka Nderi: Marahaba. Hata majani yake hawali?

[22:15] Godi Columbus: Wanalichonga macho, wanaliwashia mshumaa.

[22:19] Kaka Nderi: Haya.

[22:26] Mama Noela: Shikamoo kaka. Jamani. Kichuma cha kwanza na cha pili walirudishia bure. Hiki cha tatu tunalipa. Bima ya Rehema upande wa meno imeisha kwa mwaka huu, na hela yake ya FSA, ile anayokatwa kwenye mshahara kwa ajili ya matibabu, isipotumika mpaka Desemba 31 inapotea, kwa hiyo aanze na hiyo. Itakayopungua, naomba kila nyumba dola 30.

[23:52] Elisante: Michango ya meno tena?

[23:53] Godi Columbus: Meno ya kwanza si yako juu ya paa 😂😂😂

[23:53] Godi Columbus: *ujumbe umefutwa*

[23:55] Mama Noela: Umefuta nini na mimi nimeshasoma. Na ni kweli. Mwaka 2019 nilituma dola 400 za meno ya mama. Mpaka leo risiti sijaiona.

[23:58] Elisante: Risiti iko juu ya nyumba. Geji 28. Njoo uhesabu.

[23:59] Wifi Rehema: Msianze, tafadhali. Kwa ajili ya mtoto wangu msianze.

Jumatano, 15 Oktoba

[00:31] Happy Usa: Shikamooni. Bibi alikuwa ananisikia nikimsomea baba mkubwa. Anasema niandike kama anavyosema, nisipunguze.

[00:38] Happy Usa: "Mimi nilizaliwa nikakuta maji ni ya mto ule, na makande ni ya magadi. Meno yalitoka ya kahawia kama chai ya rangi. Hatukuyachafua sisi. Picha ya ndoa yangu nimefumba mdomo, na nyinyi mmekua mkisema siku ile nilimkasirikia baba yenu. Nilikuwa nacheka. Mabati nilisema mimi yanunuliwe, maana mvua ilikuwa inaninyeshea kitandani. Anna uliuliza risiti. Mimi hukuniuliza. Huyo mtoto apelekwe. Elisante, wewe unatoka kazini saa kumi na mbili."

[00:39] Happy Usa: Amemaliza.

[06:20] Mama Noela: Shikamoo mama. Nimesikia.

[06:48] Wifi Rehema: Shikamoo mama 🙏🏾

[06:51] Godi Columbus: Shikamoo bibi

[07:05] Elisante: Sawa mama.

[07:06] Mama Noela: Sawa ya kwamba utampeleka, au sawa ya kwamba umesikia?

[12:15] Noela: Mjomba Nderi swali. Sisi shuleni tunaambiwa floridi ya kwenye maji inalinda meno, mbona ya Bibi yaliharibiwa na hiyohiyo?

[13:40] Kaka Nderi: Swali zuri. Ni kipimo. Huko kwenu lengo ni miligramu 0.7 kwa lita. WHO inasema isizidi 1.5. Huku maji yanapita kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru, vijiji vingine yanazidi hapo mara nyingi. Mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwani yanajijenga ndani ya fizi, yanatoka na madoa. Na magadi yana floridi pia. Siku hizi kwa Bibi tunachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, utaalamu wa watu wa Ngurdoto.

[13:44] Godi Columbus: Mifupa ya ng'ombe kwenye maji? Supu hiyo

[20:02] Wifi Rehema: Waya bado unamchoma. Nimebandika ile nta, inadondoka.

[20:04] Godi Columbus: Kata na kikata kucha

[20:04] Mama Noela: USIKATE. Kausha kwanza kile kichuma kwa pamba, viringisha nta kama punje ya harage, bandika. Na asukutue maji ya vuguvugu yenye chumvi. Elisante, nimekupigia mara tatu.

[20:40] Mama Noela: Dola 30 zimeingia nyumba mbili. Asanteni hao wawili, mnajijua.

Alhamisi, 16 Oktoba

[07:09] Wifi Rehema: Niko kazini. Ebeneza anasema kuna gari linapiga honi nje, halijui. Ni nani?

[07:10] Mama Noela: La rangi gani?

[07:12] Wifi Rehema: Hashiki simu sasa

[07:31] Baba Kevin: Samahani ndugu, ndiyo naona meseji. Jumamosi ni hii au ijayo?