Joto limetushinda: watoto watatu, mtu mzima mmoja, niwapeleke wapi?

Mama wa Watatu:
Habari zenu wapendwa. Shule zimefungwa na nyumba imegeuka tanuri. Nina wa miaka 9, wa miaka 4 na kichanga wa miezi 5, na baba yao yuko kazini mpaka jioni. Wiki iliyopita nilijikaza nikawapeleka kwenye bwawa la kuogelea. Nikawa nambadilisha mdogo nepi, kugeuka, wa miaka 4 simwoni. Alikuwa kwenye maji ya kina kifupi, uso chini, kimya kabisa. Mama mmoja nisiyemjua ndiye aliyemnyanyua. Mtoto akakohoa kidogo, akataka kurudi majini! Mimi nilitetemeka mpaka usiku.

Kesho yake nikajaribu bustani saa sita mchana, dakika 20 tu tukakimbia. Sasa tumejifungia ndani na wanapigana kutwa. Niachane na maji kabisa? Wenzangu mnafanyaje?

Baba Pacha:
Pole sana dada, na ashukuriwe huyo mama. Mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mikono kama tunavyofikiri. Mdomo ukishakuwa majini hana pumzi ya kuitia mtu. Kwetu sheria ni moja: wa chini ya miaka mitano akiwa majini, niweze kumshika bila kupiga hatua. Sasa piga hesabu yako. Kichanga mkononi, wa miaka 4 majini, mkono wa tatu utautoa wapi? Bwawa lisubiri siku mkiwa watu wazima wawili. Na tafadhali, huyo wa miaka 9 usimfanye mlinzi. Ni mtoto, naye kaja kucheza.

Maboya ya kujaza upepo ya mikononi nayo usiyaamini. Yanachomoka, yanatoboka.

Shangazi Kivuli:
Bustani haina kosa, mwanangu, kosa ni saa. Jua huwa kali zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri, na wewe umekwenda nalo likiwa utosini! Tokeni saa kumi na mbili na nusu, kabla hata hawajadai chai, saa tatu na nusu mko nyumbani. Jioni mnarudi tena.

Ukifika, tafuta mti kwanza, bembea baadaye. Kivuli cha mti mkubwa kina ubaridi kuliko cha turubai, kwa sababu majani yanatoa maji hewani. Bembea za bati na sakafu za mpira mweusi ziguse kwa mgongo wa kiganja kabla mtoto hajakalia. Niliwahi kuona paja la mtoto likiungua kwenye bati la kuteleza, tena siku yenyewe wala haikuwa na joto la kutisha.

Kaka Mtoni:
Mnamtisha bure. Sisi tumekulia mtoni, hakuna aliyetushika mkono, na tupo.

Baba Pacha:
Kaka, wanaosema "tupo" ni waliobaki. Waliokwenda na maji hawaandiki hapa.

Nesi Mstaafu:
Mama, kwanza huyo wa miaka 4. Mtoto akinusurika kuzama, halafu akaendelea kukohoa, akapumua kwa shida, akatapika au akalegea isivyo kawaida, ni hospitali siku hiyohiyo. Wako imepita wiki na anakimbia, shukuru.

Kichanga: usifunike kigari chake kwa kanga au blanketi ukidhani unamkinga na jua. Hewa inakwama ndani na joto linapanda. Maji ya kunywa bado, hajafika miezi sita. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Losheni ya jua pia bado, yeye ni kivuli na nguo nyepesi tu. Wakubwa wapake ya SPF 30 au zaidi (SPF ni kipimo cha kinga ya jua, kimeandikwa kwenye chupa), urudie kila baada ya saa mbili na kila wakitoka majini. Wape maji ya kunywa kabla hawajaomba, kwa sababu mchezo unawasahaulisha kiu.

Mtoto akianza kuongea ovyo, akazubaa, akatapika au akapoteza fahamu, huku mwili unawaka, usingoje. Piga simu ya dharura, mpeleke kivulini, mvue, mmwagie maji na umpepee mpaka msaada ufike. Na kwenye gari usimwache hata dakika moja, hata vioo vikiwa wazi kidogo.

Kaka Mtoni, penye kichocho mto si wa kuogelea, hata ungekuwa na walinzi kumi.

Bibi Beseni:
Mnakwenda mbali. Beseni pana chini ya mti, maji ya kufika vifundoni, vikombe na sponji, watoto wanacheza muda wa saa mbili hawajapigana. Lakini kaa hapohapo, maji ya vidole vitatu yanatosha kumziba mtoto pumzi. Ukiinuka, yamwage.

Siku ya bwawa wavalishe rangi ya chungwa au waridi inayowaka. Nguo ya buluu inapotelea majini usiione.

Mama wa Watatu:
Asanteni wote. Leo tumetoka saa kumi na mbili na nusu na beseni letu. Jirani mwenye mapacha alituona, akaja na wake. Tumekubaliana Jumamosi twende bwawani pamoja: mmoja majini na wadogo, mwingine nje na kichanga, simu zikae mkobani. Bado naogopa. Wa miaka 4 ameshachagua nguo yake, ya buluu. Nimeificha.

Bibi Beseni:
Ifiche vizuri, atakuuliza mpaka Jumamosi.